Kuchinja mbuzi shambani na kuifikisha nyama Mombasa ikiwa salama: mwongozo kamili

Nyama ya mbuzi ikifika Mombasa imeanza kunuka, barabara ndiyo husingiziwa. Utaambiwa foleni ya feri Likoni ilikuwa ndefu, au malori yalifunga njia Miritini. Ukichunguza utakuta mambo yaliharibika mapema, kule shambani, nyama ilipotiwa kwenye gunia la nailoni ikiwa bado na joto la mnyama.

Mbuzi aliye hai ana joto la nyuzi 39 hivi za Selsiasi. Mchana wa Februari, kaskazi ikivuma, hewa ya Pwani hufika nyuzi 32 au 33. Tofauti ni ndogo mno, nyama haipati pa kutolea joto lake, na ukiizungushia nailoni umelifungia ndani. Vijidudu vinavyoozesha nyama hustawi katika joto hilo hilo, na baadhi yake huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 tu. Alfajiri hewa huwa nyuzi 24 au 25, na hapo nyama hupoa yenyewe ikining'inia tawini. Kwa hiyo saa ya kuamka, mti wa kuning'iniza, mpangilio wa visu na namna ya kufunga mzigo, vyote vinafuata jambo hilo moja: nyama ipoe, ikauke, ndipo ifungwe.

Mwongozo huu ni wa anayenunua mbuzi kwa akika, harusi, Idi, Krismasi au karamu ya ukoo, akachinja kwa jamaa huko Mariakani, Kaloleni, Kinango au Kwale, kisha akarudi mjini na nyama ya nyumbani kwake. Nyama ya kuuza ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, hiyo hupitia machinjio yenye leseni, hukaguliwa na kupigwa muhuri. Tena nazungumzia mbuzi, si paa wala kulungu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Ukipita upande wa Taru ukanong'onezewa kuna nyama ya pori ya bei nafuu, endelea na safari yako. Mbali na jela, hakuna aliyeikagua, na hujui mnyama alikufa vipi.

Mbuzi na siku yake

Mbuzi wetu wadogo wa kienyeji huwa na kilo 25 hadi 35 wakiwa wazima. Wale weupe warefu wa Galla hupita hapo kwa mbali. Kisia kwamba baada ya kutoa ngozi, kichwa, miguu na matumbo utabaki na asilimia 40 hadi 50 ya uzito ule. Mbuzi wa kilo 30 atakupa kama kilo 13 za nyama na mifupa yake. Usiahidi wageni 60 biriani ya mbuzi mmoja.

Mtazame kabla ya kulipa. Macho yawe maangavu, pua isitoe kamasi nzito, kinyesi kiwe vidonge na mkia uwe mkavu. Akae akicheua na ainuke ukimkaribia. Anayejitenga na wenzake huku kichwa kimeinama, mwache. Muulize mwenyewe kama mbuzi amepewa dawa ya minyoo au sindano ya antibayotiki hivi karibuni, kwa sababu kila dawa ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa kabla nyama haijafaa kuliwa. Swali hili la upole linatosha: "Baba, huyu amedungwa sindano lini mara ya mwisho?" Wafugaji wengi watakujibu kweli ukiwauliza kwa heshima. Wasiopenda swali hilo wamekujibu pia.

Kuna mnyama wa kutoguswa kabisa. Aliyekufa ghafla, hasa akiwa anatoka damu puani au mkunduni na damu haigandi, huenda ana kimeta. Usimchinje, usimpasue, usimchune. Ita afisa wa mifugo. Baada ya mvua kubwa na mafuriko, mbuzi wanapoharibu mimba kwa wingi na wana wao kufa, fikiria homa ya Bonde la Ufa, ambayo humwingia mtu kupitia damu wakati wa kuchinja. Msimu kama huo kaa mbali na kisu hadi watu wa mifugo waseme lao.

Kwa akika, mila ni mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike. Kwa udhiya, yaani kuchinja kwa ibada wakati wa Idi kubwa, mbuzi awe ametimiza mwaka, asiwe kilema, kipofu, mgonjwa wala aliyekonda hadi mifupa. Kama si ibada, chagua maksai au jike ambaye hajazaa. Beberu mkubwa ana nyama, lakini ana harufu pia, na ukimchuna ovyo harufu hiyo itakufuata hadi kwenye pilau.

Ni bora mbuzi alale pale pale atakapochinjiwa. Mzuie chakula kwa saa 12 hadi 24, maji umpe ya kutosha. Tumbo tupu ni jepesi kutoa na halipasuki kirahisi. Kumpumzisha kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Mnyama aliyekimbizwa au kufungwa miguu juu ya bodaboda kutoka mnadani humaliza sukari iliyo kwenye misuli yake. Sukari hiyo ndiyo hugeuka asidi baada ya kifo na kuisaidia nyama isioze mapema. Ya mnyama aliyechoka huwa nyeusi, inanata, na haikai. Na kama unamtoa kaunti moja kwenda nyingine akiwa hai, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwanza.

Vifaa vya kukusanya jioni

Visu vitatu. Cha kuchinjia kiwe kirefu, sentimita 20 au zaidi, kisicho na pengo hata moja. Cha kuchunia kiwe kifupi chenye ncha iliyopinda. Cha tatu ni cha kukatia. Vinoe jioni kwa kinoo, sio alfajiri mbele ya mbuzi. Ni katika adabu za kuchinja kwamba mnyama asione kisu kikinolewa wala mwenziwe akichinjwa. Tupa ya kunolea panga haifai kwa kisu cha kuchinjia, huacha makali yenye meno.

Msumeno mdogo wa mifupa ukipatikana ni bora kuliko panga, kwani panga huvunja mfupa ukawa vijiti, na vijiti hivyo huishia kooni mwa mtoto. Halafu kamba imara, uzi mnene wa kufungia, ndoo mbili, sabuni, turubai safi, vitambaa vyeupe vya pamba, majani ya mgomba, na sufuria la maji ya moto litakalokaa mekoni muda wote. Glavu kama una kidonda mkononi.

Barafu ianze kutayarishwa siku mbili kabla. Gandisha maji kwenye chupa za plastiki za lita 1.5 au 5, ziwe ngumu hadi ndani. Nazipendelea kuliko barafu ya vipande inayouzwa kwa wauza samaki, kwa vile hazimwagi maji juu ya nyama, na zikiyeyuka mnayanywa. Kisia kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja au mbili za nyama. Kasha la kuhifadhia baridi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, hasa kama kazi yake ya kila siku ni samaki. Nyama hunasa harufu ya changu kuliko unavyodhani.

Mahali

Tafuta mti wenye tawi imara juu ya kichwa chako: mwembe, mkwaju, mkanju mkubwa. Mnazi ni mti wa kila kazi Pwani, lakini kwa hii hauna tawi, labda uweke boriti kati ya minazi miwili. Uwe upande unaopigwa na upepo na usiofikiwa na jua la asubuhi. Kaa mbali na kisima na mbali na choo, na mbali na zizi pia kwa sababu ya nzi. Chimba shimo la damu na uchafu, kina cha mkono mzima, upande ambao maji ya mvua hayaelekei kisimani. Tandika majani ya mgomba chini.

Kuchinja

Anza saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanga unapoanza kupambazuka. Ikifika saa mbili asubuhi nzi wamekwisha kupata habari.

Mlaze mbuzi kwa ubavu wa kushoto, taratibu, watu wawili wakimshika. Aelekezwe kibla. Kutoka Mombasa na vitongoji vyake Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa kuwa miji hii miwili imepangana kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na kitu mashariki. Nyota au simu, vyote vitakuonyesha. Mchinjaji hutamka "Bismillahi, Allahu Akbar" na kukata kwa haraka chini ya taya: koromeo, umio na mishipa miwili mikubwa ya damu ya pande zote. Asifike kwenye uti. Uti usiguswe kabla damu haijatoka, kwani damu iliyobaki ndani ndiyo chakula cha kwanza cha vijidudu. Kwenye karamu za Pwani hata za Wakristo huitwa mchinjaji Mwislamu, ili asibaki mgeni anayekula wali mkavu.

Mwachie. Usimvunje shingo, usianze kuchuna miguu huku anapiga mateke. Mbuzi wa kilo 30 atatoa kama lita moja ya damu. Subiri dakika kadhaa, kisha gusa mboni ya jicho kwa kidole. Likipepesa, bado.

Kuchuna

Hapa ndipo mikono ya mjini huonekana. Kanuni ni moja: upande wa manyoya usiguse nyama, na mkono ulioshika manyoya usishike nyama mpaka uoshwe. Uchafu na harufu ya beberu vyote vipo kwenye manyoya. Ukiwa peke yako, mkono wa kushoto uwe wa ngozi na wa kulia uwe wa kisu, visibadilishane. Visu viwili vifanye zamu, kimoja mkononi, kimoja ndani ya sufuria la maji ya moto. Kwenye machinjio makubwa maji hayo huwekwa nyuzi 82. Shambani yatosha yawe moto usioweza kutia mkono.

Kata miguu ya mbele kwenye kiungo cha goti, na ya nyuma chini kidogo ya kisigino, ukiacha ule ukano mnene mzima. Toboa ngozi kati ya ukano na mfupa, pitisha kamba au kijiti, umwinue kichwa kikining'inia chini. Pasua ngozi ndani ya mapaja kutoka kisiginoni hadi mkunduni, kisha mstari mmoja katikati ya tumbo hadi shingoni. Kisu kiingie chini ya ngozi, makali yakitazama nje, ili ukate ngozi kutoka ndani. Ukikata kutoka juu unasukuma manyoya hadi kwenye nyama.

Ukishapata mdomo wa ngozi, weka kisu chini na utumie ngumi. Sukuma kati ya ngozi na nyama huku mkono wa pili ukivuta ngozi, nayo itavuka kama shati la jasho. Mbavuni na ubavuni ngumi inatosha kabisa, na ngozi hutoka bila kutobolewa. Wapo wanaotoboa mguu na kupuliza kwa mdomo ili ngozi itengane. Kazi inakuwa nyepesi, sikatai, lakini umepuliza mate na kikohozi chako ndani ya nyama nzima. Kama ni lazima, kuna pampu ya baiskeli.

Kabla ya kufika chini, zungusha kisu kuuzunguka mkundu, uvute kidogo nje na uufunge kwa uzi. Shingoni, tenga umio na koromeo, ufunge fundo umio. Mafundo haya mawili huchukua dakika moja. Bila hayo, kilichomo tumboni kitamwagika juu ya nyama utakayokuja kuisifu mezani.

Ngozi ukiihitaji, itandaze kivulini manyoya chini, kwangua mafuta yote, na uisugue chumvi ya mawe kwa wingi hadi pembeni kabisa, mapema kabla haijaanza kunuka. Chumvi ya Gongoni na Marereni ni rahisi kupatikana. Kwa udhiya, ngozi au nyama haitolewi kuwa ujira wa mchinjaji. Yeye alipwe pesa zake, kisha akipewa sehemu iwe zawadi.

Kutoa matumbo

Lenga kumaliza hatua hii ndani ya nusu saa tangu kuchinja. Matumbo yakikaa ndani yanavimba gesi, na joto lake ndilo linalokawia kuliko yote.

Toboa tundu dogo juu karibu na nyonga, ingiza vidole viwili, na kisu kipite katikati ya vidole makali yakitazama nje. Vidole vinasukuma matumbo nyuma huku kisu kikishuka polepole hadi kwenye mfupa wa kidari. Kibofu cha mkojo kibane shingo yake kwa vidole kabla ya kukikata. Matumbo yataanza kushuka kwa uzito wake. Yapokee kwenye turubai au karai, vuta na mkundu uliofungwa upite kwa ndani. Ini libaki kwanza. Tafuta nyongo, kile kifuko cha kijani kilichobandikwa kwenye ini, ukikate pamoja na kipande kidogo cha ini badala ya kukivuta. Ikipasuka, kata na utupe sehemu yote iliyoguswa, kwa sababu maji hayatoi uchungu wake.

Pasua ile ngozi nyembamba inayotenganisha tumbo na kifua, toa moyo, mapafu na koromeo kwa pamoja. Figo zinaweza kubaki ndani ya mafuta yake.

Sasa simama uangalie, maana hakuna mkaguzi aliyesimama pembeni yako. Ini liwe la rangi moja, laini, lenye kingo kali. Likiwa na mirija minene migumu, au ukikamua vinatoka vidudu bapa kama jani, kuna minyoo ya ini. Ini hilo halifai. Malengelenge yenye maji kwenye ini au mapafu ni vifuko vya mabuu ya tegu wa mbwa. Choma au zika chini sana, na usimrushie mbwa hata kidogo, kwa kuwa mbwa akila, minyoo hukomaa tumboni mwake na mayai yake humrudia mwanadamu. Usaha mapafuni, mafuta ya manjano kupita kiasi, tezi zilizovimba mwili mzima, au nyama yenye maji maji inayonuka kabla hata haijapoa: mwite mkaguzi wa nyama wa eneo hilo. Asipopatikana, mzike mnyama mzima. Hasara ya mbuzi mmoja ni ndogo kuliko kitanda cha hospitali.

Kupoza

Vijana wenye bidii huchota maji ya kisima na kumwagia mbuzi mzima ili aonekane safi. Wazuie. Maji yanasambaza uchafu wa sehemu moja kwenye mwili wote, na nyama yenye unyevu huoza kabla ya nyama kavu. Doa la damu lifute kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Penye kinyesi au unyoya, usioshe, kata kipande hicho utupe.

Tanua kifua kwa kijiti ili upepo upite ndani, na uache mwili uning'inie. Ukipenda, uzungushie kitambaa cheupe chepesi dhidi ya nzi, kisibane. Ndani ya saa moja utando wa juu hukauka, ukigusa haunati. Huo ndio ulinzi wa kwanza wa nyama. Tia mkono ndani ya paja karibu na mfupa, mahali penye nyama nene kuliko zote: pakiwa bado na joto la mwili wa mtu, ngoja. Ukianza alfajiri, kwenye saa mbili na nusu asubuhi mbuzi mdogo atakuwa tayari kukatwa. Jua likishapanda hakuna tena faida ya kungoja, kwa hiyo hamia kwenye barafu hata kama paja halijapoa utakavyo.

Mtu anayekuhimiza muondoke mapema mpe kazi ya matumbo. Tumbo lipasuliwe mbali na nyama, lioshwe mara nyingi, lichovywe kwenye maji ya moto na kukwanguliwa ule utando mweusi. Kichwa na miguu vibabuliwe moto na kukwanguliwa manyoya. Hayo yote pamoja na ini yapikwe huko huko shambani, kwa wenyeji waliowapa kivuli na maji. Vitu vya ndani havivumilii safari, na ini la asubuhi na ndimu halihitaji kusubiri jioni.

Kukata

Kwa safari, kata vipande vikubwa. Kila kisu kinapopita kinafungua ukuta mpya kwa vijidudu, kwa hiyo vipande vya mchuzi vikatwe nyumbani.

Mkono wa mbele haukuungana na mwili kwa kiungo cha mfupa. Uinue, fuata kwa kisu ile nafasi kati ya bega na mbavu, utatoka wenyewe. Shingo itenge pale inapoanza mgongo. Mbavu zikate kwa msumeno pembeni mwa uti, kidari kikiwa nazo. Mgongo ugawe vipande viwili kwa kupitisha kisu kwenye gegedu kati ya pingili. Ukilipata gegedu huhitaji nguvu, usipolipata sogeza kisu kidogo badala ya kupiga. Sarara, ile misuli miwili laini inayolala kando ya uti, iache juu ya mfupa isikauke. Mapaja mawili, ambayo ni karibu thuluthi ya nyama yote, yatenganishwe kwa msumeno katikati ya nyonga.

Kufunga mzigo

Kila kipande kifungwe peke yake kwa kitambaa cha pamba kikavu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwa nyama yenye joto hata isingekuwa marufuku ningekwambia usiitumie.

Ndani ya kasha weka chupa za barafu chini, juu yake fito safi au wavu ili nyama isilale kwenye maji, kisha mapaja na mikono, kisha chupa nyingine, kisha mbavu na mgongo, na chupa za mwisho juu kabisa, maana baridi hushuka. Acha nafasi ndogo kati ya vipande. Kama kasha lina tundu la maji, lifungue kila mnaposimama. Halafu lifunike na usilifungue kuonyesha watu.

Huna kasha wala barafu? Basi safari isizidi saa moja au mbili, ianze kabla ya saa tatu asubuhi, na nyama iende kwenye pakacha jipya lililotandikwa majani ya mgomba, na kitambaa juu. Pakacha linapumua, na wazee wa Pwani hawakulichagua kwa kukosa gunia. Ukifika, nyama yote iingie jikoni siku hiyo hiyo.

Njiani

Kutoka Mariakani ni kama kilomita 35, na Kwale ni karibu na hapo. Umbali si tatizo, kusimama ndiko tatizo. Kutoka Kwale au Kinango pima kati ya feri na barabara ya Dongo Kundu kwa kuangalia saa: asubuhi ya siku ya kazi Likoni hujaa watu wanaoingia kisiwani, na gari lililosimama juani huwa tanuri. Weka kasha ndani ya gari, usiliache kwenye buti lenye joto, wala usilifunge nyuma ya bodaboda juu ya bomba la moshi. Kwenye matatu, makanga atakubali kasha safi lisilovuja na atakataa gunia linalodondosha damu, na ana haki.

Ukibeba zaidi ya mbuzi mmoja, barabarani unaweza kuulizwa kama unafanya biashara. Nyama ya biashara husafirishwa kwenye masanduku maalumu yaliyoidhinishwa, ikiwa na muhuri na karatasi za mkaguzi. Kwa karamu kubwa ya mbuzi wengi ushauri wangu ni wachinjwe kwenye machinjio yenye leseni, wakaguliwe, uondoke na karatasi. Utalipa kidogo na utalala usingizi.

Nyumbani

Usiisukume nyama yote kwenye friji moja ya jikoni. Friji ndogo haiwezi kupoza kilo 13 kwa mara moja. Itahangaika usiku kucha na maziwa yako yataharibika pia. Mapaja yaingie kwanza, yakiwa yametengana, na ya majirani na jamaa yagawiwe siku hiyo hiyo. Kwa udhiya kawaida ni mafungu matatu: ya nyumbani, ya jamaa na majirani, na ya masikini.

Msishangae nyama ikiwa ngumu jioni ile. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na inalainika tena baada ya kukaa friji siku moja au mbili. Kwa hiyo siku ya kwanza pika shingo, mbavu na mifupa kwa supu ya moto mdogo, na paja la biriani liachwe hadi kesho yake. Kwenye friji ya nyuzi 4 vipande vikubwa hukaa siku tatu hadi tano. Visivyopikwa ndani ya muda huo vigandishwe mapema, katika mafungu ya mlo mmoja mmoja.

Stima ikikatika, funga mlango wa friji na usiufungue. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne, friza iliyojaa kama siku mbili. Ikikaribia hapo, nyama iende sufuriani. Kuianika Mombasa kunahitaji uangalifu kwa sababu hewa ya bahari ina unyevu mwingi, na kipande kinene kitaoza ndani kabla ya kukauka nje. Wasomali wana njia bora: nyirinyiri. Nyama isiyo na mafuta hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, hukatwa tena vidogo vidogo, hukaangwa hadi maji yaishe, kisha huzamishwa ndani ya samli au mafuta kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Hukaa miezi bila friji, ilimradi kila anayechota atumie kijiko kikavu.